Sekunde Nne za Gwamaka

1

Sekela Mwangoka alikuwa amebakiza miezi minane astaafu siku faili la mizani ya mpakani lilipomfikia mezani.

Lilikuwa faili dogo. Lori lisilo na dereva lilikuwa limegonga nguzo ya geti, nguzo ikapinda, hakuna aliyeumia. Mwangalizi wa lori lile, dada mmoja aliyekuwa ameketi Mbeya mjini na miwani ya kazi usoni, ile inayomchorea barabara, akiliangalia kutoka umbali wa kilomita mia moja, alisema alikanyaga breki mara tu alipoiona nguzo. Waajiri wake walisema aliiona mapema, akazubaa. Kazi ya Sekela katika Ofisi ya Saa za Ushahidi ilikuwa kusema nani mkweli.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na saba. Ilikuwa imemla macho na mgongo. Siku hizi alifika ofisini akiwa amechoka kama mtu anayetoka, akavua koti la baridi, akakaa, akaanza kuhesabu picha bila hamu. Picha tisini kwa kila sekunde. Kila picha na muhuri wake wa muda. Ukishajua picha ya kwanza yenye nguzo ilichorwa wakati gani, na breki ikakanyagwa wakati gani, unatoa moja kwa nyingine, unapata idadi ya sekunde, na idadi hiyo ndiyo hukumu.

Alipoifikia picha ya nguzo aliona kitu ambacho katika miaka yote hiyo hakuwahi kubahatika kukiona. Nyuma ya nguzo, kwenye ukuta wa mizani, palikuwa na saa kubwa ya tarakimu nyekundu. Ilisema saa nane, dakika sita, sekunde thelathini na moja.

Hesabu ya Sekela ilisema picha hiyo hiyo ilichorwa saa nane, dakika sita, sekunde ishirini na nane.

Alipiga simu mizani.

"Saa yenu ya ukutani anairekebisha nani?"

"Hairekebishwi, mama," alijibu mtu wa zamu. "Inachukua wakati kutoka kwenye setilaiti. Hata sisi tunaitumia kuweka za mkononi. Kuna tatizo?"

"Hapana. Nilikuwa nauliza tu."

Akakata simu, akarudia hesabu. Ikatoka vilevile. Sekunde tatu zilikuwa zimepotea mahali fulani, na saa ya ukutani haikuwa na sababu ya kusema uongo.

Ndani ya miwani ya mwangalizi mna saa mbili. Ya kwanza ni saa ya kazi: inahesabu miwani ikiwa macho tu, na miwani ikisinzia ili kutunza betri, nayo husimama. Ya pili ni saa ya siku: haisimami, miwani ilale isilale. Picha zinazochorwa machoni mwa mwangalizi hupigwa muhuri wa saa ya kazi. Lakini lori halijui saa hiyo. Breki zake, usukani wake, mwendo wake, vyote vinaandikwa kwa saa isiyosimama. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha picha na breki, lazima muhuri wa picha uhamishwe kutoka saa moja kwenda nyingine. Unazisoma saa zote mbili kwa pamoja, unachukua tofauti yao, unaiongeza kwenye muhuri. Ni mistari sita ya programu. Mtoto wa sekondari angeiandika.

Sekela aliifungua mistari hiyo sita kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana. Programu ile haikusoma saa mbili kila inapohamisha muhuri. Ilizisoma mara moja tu, asubuhi, miwani inapowashwa, ikaihifadhi tofauti na kuitumia kutwa nzima. Juu ya mstari wa tatu mwandishi alikuwa ameacha maelezo: *Tofauti haibadiliki miwani ikiwa usoni, kwa kuwa miwani iliyo usoni hailali. Tunaokoa betri.* Chini yake palikuwa na herufi mbili. S.M.

Alikumbuka chumba, alikumbuka hata joto la kompyuta ile. Alikuwa na miaka thelathini na nane, ameajiriwa na kiwanda cha miwani, na mkuu wake alikuwa akigomba kila siku kwamba betri haifiki jioni. Wakati ule maelezo yale yalikuwa kweli. Miwani iliyo usoni haikuwa ikilala. Miaka miwili baadaye, Sekela akiwa ameshahamia serikalini, mtu mwingine asiyemjua aliongeza kitu kipya: mwangalizi akifumba macho kwa zaidi ya nusu sekunde, miwani nayo isinzie. Hakuna aliyekumbuka mistari sita ya zamani.

Tangu hapo, kila mwangalizi aliyefumba macho, saa yake ya kazi ilisimama kidogo. Akifumba tena, ikasimama tena. Jioni ikifika, picha zake zote zilionekana zimechorwa mapema kuliko zilivyochorwa. Ndiyo kusema alionekana ameona mapema, akachelewa kukanyaga.

Na wanaofumba macho ni waliochoka. Kadiri mtu alivyochoka ndivyo saa ilivyozidi kumshitaki.

2

Ilimchukua siku nne kupitia kumbukumbu. Hakumwambia mtu. Alipomaliza alikuwa na orodha ya watu mia mbili na kumi na mmoja waliohukumiwa kwa mihuri iliyohamishwa na mistari ile. Wengine walifukuzwa kazi tu. Wengine walifungwa. Jina la kwanza, kwa kuwa ndiye aliyepewa kifungo kirefu kuliko wote, lilikuwa Gwamaka Mwaisumo.

Hakuhitaji kulisoma faili lake. Alikuwapo mahakamani. Yeye ndiye aliyesimama kwenye kizimba cha mashahidi na kusema.

Miaka sita iliyopita, katika mteremko wa Ihoma, lori la saruji lilimgonga Tusekile, mkunga wa zahanati, aliyekuwa akivuka barabara na mkoba wake akienda kumzalisha mama mmoja upande wa pili. Kulikuwa na ukungu. Kwenye ukungu macho ya lori hayaaminiki, ndiyo maana sheria inataka binadamu aangalie na awe na breki yake. Gwamaka, kijana wa miaka ishirini na nane, alikuwa kwenye kiti cha uangalizi saa ya kumi na tatu ya zamu. Mgongano wenyewe haukuonekana kwenye picha yoyote: mfumo hushusha pazia jeupe kabla ya mgongano, ili mwangalizi asimwone mtu akifa. Kwa hiyo mahakama haikuwa na kitu kingine cha kupimia ila mihuri.

"Kutoka alipomwona mpaka alipokanyaga breki," wakili alimuuliza Sekela siku ile, "ni muda gani?"

"Sekunde nne nukta nane."

"Je, saa hizi zinaweza kudanganya?"

"Mashahidi hudanganya," Sekela alijibu. Alikuwa amelipenda jibu hilo wakati ule. "Saa hazina sababu."

Gwamaka alipiga kelele kutoka kizimba cha mshitakiwa kwamba alikanyaga palepale alipomwona. Hakimu akamnyamazisha. Akapewa miaka kumi na minne.

Sasa Sekela aliihesabu upya siku ile ya Gwamaka. Kijana alifumba macho mara saba tangu asubuhi, mara zote lori likiwa kwenye tambarare iliyonyooka, mara zote kwa sekunde moja na ushei. Jumla ya usingizi wa miwani, sekunde nne nukta moja. Akazitoa kwenye zile nne nukta nane.

Sifuri nukta saba. Hakuna binadamu anayekanyaga breki haraka kuliko hapo, labda kwa bahati.

Sekela aliweka kalamu chini. Alitaka kulia, ila hata kulia kulihitaji nguvu asiyokuwa nayo. Akaenda msalani, akanawa uso, akapanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi.

3

Mkurugenzi Chelestino Haule alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mwenye adabu, na alipokuwa akisikiliza alikuwa akizisugua nyusi zake kwa vidole viwili, kama mtu anayeumwa kichwa siku nyingi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Mama Sekela, naomba na wewe unisikilize hivyo hivyo." Akavuta kiti akakaa upande wa meza aliokuwa Sekela. "Kati ya hao mia mbili na kumi na mmoja kuna walevi. Kuna yule aliyekuwa akicheza kamari kwenye kioo kingine wakati lori linaingia sokoni. Ukisema hadharani kwamba saa zilikuwa mbovu, mawakili hawatachambua nani na nani. Wote watatoka. Na misafara yote ya malori itasimama mpaka kila muhuri upimwe. Dawa, mafuta, mbegu. Unajua kwamba mbegu zinapita sasa hivi?"

"Najua."

"Mimi naweza kumtoa huyu Gwamaka. Kamati ya msamaha inakaa wiki ijayo, na mwenyekiti ananisikiliza. Ijumaa ya wiki hiyo atakuwa nyumbani kwao. Mistari tutairekebisha kimya kimya, kama tunavyorekebisha mambo mengine. Wengine tutawaangalia mmoja mmoja."

"Kwa masharti gani?"

"Yeye atie saini kwamba anakiri kosa na anaomba msamaha. Wewe utie saini kwenye taarifa ya mwaka kwamba mfumo uko sawa. Kwa wiki ijayo utakuwa uko sawa kweli, kwa sababu utakuwa umerekebishwa."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, msamaha hautakuwapo. Kesi itafunguliwa upya, na unajua foleni ya Mahakama Kuu. Miezi saba, mwaka. Huyo kijana ataisubiri akiwa ndani. Sikutishi, mama. Nakueleza tu barabara zilivyo."

Na kweli hakuwa akimtisha. Sekela angeona afadhali kutishwa. Mtu anayekutisha unaweza kumkasirikia.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

4

Gereza lilikuwa na bustani ya kabichi upande wa mbele, na Gwamaka aliletwa kutoka huko, magoti yakiwa na udongo. Alikuwa amenenepa shingo na kukonda uso. Alimtambua mgeni wake kabla hajaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gwamaka." Sekela alikuwa amejiandaa kwa matusi; salamu ile ilimwangusha. "Unanikumbuka?"

"Wewe ndiye mama wa saa."

Akamweleza. Alimweleza polepole na kwa maneno mepesi, kama mtu anavyoelezwa habari za ugonjwa wake: saa mbili, tofauti iliyopimwa asubuhi, macho yaliyofumbwa, mistari sita, na nani aliyeiandika. Gwamaka aliyatazama magoti yake muda wote.

"Kwa hiyo ni ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Sifuri nukta saba. Haikufika hata sekunde moja. Ulikanyaga palepale ulipomwona, kama ulivyosema."

Alidhani atashangilia. Gwamaka alitikisa kichwa taratibu.

"Hapana, mama. Nilimwona."

"Ulimwona, ndiyo, ila..."

"Nilimwona sekunde nne." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Mwanzoni nilibisha. Mwaka wa kwanza nilibisha, wa pili nikabisha. Halafu nikaanza kufikiri, mimi nani nibishane na saa? Nikamtafuta kwenye kumbukumbu zangu, nikamkuta. Anatoka kwenye ukungu, mkoba begani, ananitazama. Mimi naye tunatazamana. Mguu wangu umekufa ganzi. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kila siku nalima hizo kabichi namwona. Na mkoba wake naujua rangi." Akainua macho. "Sasa unaniambia huyo mtu ni nani?"

Katika orodha yake Sekela alikuwa ameandika miaka ya vifungo, vyeo vilivyopotea, leseni zilizofutwa. Hakuwa amefikiria kwamba hesabu yake ingeweza kuingia kichwani mwa mtu na kumjengea siku ambayo haikuwahi kuwapo.

"Nilimwandikia mume wake," Gwamaka aliendelea. "Yule seremala. Nikamwambia nilimwona mkeo sekunde nne sikufanya kitu, unisamehe. Akanijibu. Alinisamehe, mama. Barua yake ninayo."

Ndipo Sekela alipomweleza na yale mengine, msamaha wa Ijumaa na kesi ya miezi saba. Alimweleza yote mawili kwa usawa, na alipomaliza akagundua kwamba alikuwa amesafiri kuja pale kwa ajili ya kitu kimoja tu: kusikia kijana huyu akichagua.

Gwamaka naye alikigundua.

"Mama yangu yuko Rungwe," alisema. "Figo. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na macho yanaondoka. Nataka kwenda nyumbani hata leo. Ukiniuliza mimi kama mimi, nitakwambia niletee hiyo karatasi nitie saini hata kama imeandikwa nilimuua kwa mikono." Akasimama, maana askari alikuwa amemwashiria. "Lakini usiniulize. Hao mia mbili wengine siwajui. Usinibebeshe wao nikiwa humu. Wewe ndiye uliyeandika hiyo mistari. Na hili liandike mwenyewe."

5

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Ambakisye, seremala, mume wa marehemu Tusekile. Hakuwa na hakika kwa nini. Labda alitaka mtu wa kumkemea.

Alimkuta kwenye karakana nyuma ya nyumba, akipiga msasa kiti cha watoto. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa, na alimkaribisha kwenye benchi bila kuuliza shida yake. Sekela alipomaliza kusema, Ambakisye aliendelea kupiga msasa mahali pamoja mpaka mbao ikaanza kuwa na shimo.

"Nilimsamehe yule kijana," alisema. "Unajua ilinichukua muda gani?"

"Ameniambia ana barua yako..."

"Barua niliiandika siku moja. Kusamehe ilinichukua miaka minne. Sasa umekuja kuniambia hakukuwa na wa kusamehewa." Akautupa msasa. "Haya, nani aliyemuua mke wangu? Wewe?"

"Sijui, baba. Mimi nilimsingizia asiyehusika."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza kama huyo kijana alikanyaga breki palepale, kwa nini lori halikusimama?"

Swali lile lilikuwa jepesi mno. Hakuna aliyewahi kuliuliza, si wakili, si hakimu, si Sekela mwenyewe. Mahakama ilikuwa imepata mtu, na baada ya kupata mtu haikutafuta kitu kingine. Alitoa kompyuta yake begani, akaifungua palepale juu ya takataka za randa, akatafuta safu ya mwendo wa lori ambayo kwa miaka sita ilikuwa ndani ya faili lilelile.

"Kilomita themanini na nne kwa saa," alisoma.

"Kwenye ule mteremko? Kwenye ukungu?"

"Ndivyo walivyoliwekea. Mwangalizi habadilishi mwendo, ana breki tu." Akapiga hesabu. "Kwa uzito ule, hata angekanyaga kabla ya kumwona, lisingesimama."

Ambakisye aliitazama tarakimu ile muda mrefu. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya wageni; aliukaza mkono wake kwenye mgongo wa kile kiti kidogo.

"Na sasa hivi?" aliuliza. "Leo yanapita kwa mwendo gani?"

Sekela alitafuta. Mteremko wa Ihoma, leo, Jumapili: themanini na nne. Hakuna aliyepunguza. Kwa nini wapunguze, na ilishathibitishwa mahakamani kwamba kosa lilikuwa la kijana mmoja aliyezubaa? Akatafuta na ajali. Tangu Tusekile, watu watatu walikuwa wamekufa pale pale, na waangalizi watatu walikuwa wamehukumiwa. Wote wako kwenye orodha yake.

Akaigeuza kompyuta ili Ambakisye asome mwenyewe.

"Hawa watatu waliokufa," seremala alisema, "ndugu zao wanajua?"

"Bado."

"Basi wewe ulikuja kwangu kufanya nini, mama?"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba amekosea njia, na nyumba anayoitafuta ni ile pale.

6

Jumatatu asubuhi Sekela hakwenda kwa Haule kwanza. Alikwenda masijala ya Mahakama Kuu na kiapo cha kurasa thelathini na moja, chenye jina lake mwanzoni, mistari sita ukurasa wa pili, orodha nzima ya majina, na kiambatisho kimoja kuhusu mwendo wa malori katika mteremko wa Ihoma. Karani akagonga muhuri. Ndipo akapanda ofisini kumweleza mkurugenzi.

Haule hakupaza sauti. "Umemfunga mara ya pili," alisema tu, na Sekela alijua ni kweli.

Misafara ilisimama siku kumi na mbili. Mbegu zilichelewa, na wakulima wa Uyole walimtukana redioni bila kujua sura yake. Yule mcheza kamari wa sokoni alitolewa kwa dhamana wiki ya tatu. Sekela aliondolewa kazini kabla ya miezi yake minane kwisha. Wiki hiyo hiyo, mwendo kwenye mteremko wa Ihoma ulishushwa hadi kilomita thelathini, na mahali penye ukungu, ishirini.

Alikwenda gerezani kumweleza Gwamaka mwenyewe. Gwamaka alimsikiliza akiwa amesimama, akasema, "Nimeelewa," akarudi kwenye kabichi zake. Alipokwenda mara ya pili, alikataa kuja.

Mama yake Gwamaka alifariki mwezi wa tano wa kusubiri. Kesi ilisikilizwa mwezi wa saba. Sekela alipanda kizimba kilekile, na wakili alipomuuliza kama saa hizi zinaweza kudanganya, alijibu, "Zilidanganya. Mimi ndiye niliyezifundisha." Hukumu ilisomwa kwa dakika tisa.

Asubuhi ya kuachiwa kwa Gwamaka kulikuwa na manyunyu. Sekela alisimama ng'ambo ya barabara, mbali na geti, kwa sababu hakuwa amealikwa. Gari la Ambakisye lilikuwa limeegeshwa karibu zaidi, lile la kubebea mbao, na seremala mwenyewe alikuwa ndani. Walikuwa wamepatana, alikuja kusikia baadaye, kwamba angempeleka Rungwe moja kwa moja, kwenye kaburi la mama yake, kabla hajaingia nyumba yoyote.

Gwamaka alitoka na mfuko mmoja wa plastiki. Wanaume wale wawili hawakuwahi kuonana uso kwa uso tangu mahakamani. Ambakisye alishuka. Walisimama kidogo kwenye manyunyu bila kushikana mikono, kisha seremala akaupokea ule mfuko, akauweka kwenye kiti cha mbele, wakapanda.

Gari liligeuza upande wa Sekela. Lilipomfikia lilipunguza mwendo, na kioo cha abiria kikashuka. Gwamaka alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakukuwa na msamaha ndani yake, wala Sekela hakuutafuta.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Mia mbili na kumi."

"Anayefuata lini?"

"Leo. Saa tatu, chumba cha pili. Mmoja wa wale wa Ihoma."

Gwamaka aliitazama barabara iliyokwenda mjini, halafu akamtazama tena yeye, mwanamke mtu mzima aliyelowa mabega, asiyekuwa tena na kazi wala ofisi.

"Basi usichelewe," alisema, na kioo kikapanda.